Tunda Limeyeyuka, Udi Umebaki

SWALI: Manukato yangu ya Kiarabu hunukia chungwa na tunda damu nikijipulizia, lakini nusu saa baadaye nasikia udi na msandali tu. Je, nimeuziwa bandia?

JIBU: La, hiyo ndiyo tabia yake. Chembe za harufu ya machungwa ni nyepesi, huruka ndani ya dakika 15 hadi 30. Za miti ni nzito, hung'ang'ania ngozi kwa saa nyingi. Ngozi kavu huharakisha zaidi. Ukitoka kuoga, jipake mafuta yasiyo na harufu, kisha pulizia mara 2 au 3 kwa umbali wa sentimita 15. Usisugue mahali ulipopulizia: joto la msuguano hupeperusha tunda kwanza.

Waarabu wana njia nzuri mno: hufukiza nguo kwa udi juu ya chetezo, ndipo hupulizia manukato. Moshi huwa msingi, na tunda hung'aa juu yake.

Chupa isikae dirishani. Mwanga na joto huchachusha mafuta ya machungwa. Yakianza kunukia kama siki, yameharibika. Na usijipulizie shingoni kabla ya kukaa juani, kwani baadhi ya mafuta hayo huunguza ngozi na kuacha mabaka.