Kalamu za Rangi Hazijakukosea

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naongoza kitengo cha huduma kwa wateja, tuko watu sita. Tukikaa kubungua bongo, wanaosema ni wawili walewale. Wengine wanaitikia kwa kichwa tu. Nikasikia sanaa huamsha fikra, nikanunua karatasi kubwa na kalamu za rangi. Watu wakachora maua, wakacheka, tukarudi palepale. Sasa bosi anauliza faida yake. Nifanyeje?
Msimamizi

JIBU: Marahaba. Uliwapa rangi bila kuwapa kazi, ndiyo maana ukapata maua.

Alex Osborn, Mmarekani wa kampuni ya matangazo aliyeeneza vikao hivi, alitaka mawazo yatoke mengi kwanza na hukumu ingoje. Sawa. Lakini mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha vikundi vya watu wanne na watu wanne waliofikiri kila mmoja kivyake. Hata baada ya kuondoa yaliyojirudia, waliokaa peke yao walitoa mawazo mengi zaidi. Sababu moja ni zamu: mmoja akisema, wengine wanangoja, na anayengoja husahau lake au huanza kuliona la kipuuzi. Mchoraji haombi zamu. Hiyo ndiyo faida unayoitafuta, na inahitaji kimya.

Kikao kijacho, usiseme "choreni chochote". Uliza jambo moja: mteja anayepiga simu mara ya tatu kwa tatizo lilelile anapitia nini? Dakika tano, bila maneno, watu wa vijiti wanatosha. Wachore tatizo. Ukiwaambia wachore suluhisho watakuletea balbu inayowaka na mikono iliyoshikana, na mimi balbu nilizokwisha kuziona zinanitosha. Kisha kila karatasi iende kwa jirani, aongeze. Mjerumani Bernd Rohrbach alipanga hivyo kwa maandishi miaka ya 1960: watu sita, kila mmoja mawazo matatu katika kila mzunguko wa dakika tano, mizunguko sita, nusu saa ina nafasi ya mawazo 108. Wale wasemaji wako wawili watateseka kidogo. Waache.

Halafu bandikeni ukutani bila majina. Msimuulize mtu alimaanisha nini. Ulizeni wengine wanaona nini. Katika kikao kimoja nilichoongoza, mtu alichora mlango wa ofisi akasahau kitasa. Mwenzake akautazama, akasema, "Kweli kabisa, mteja hawezi kuingia mpaka sisi tumfungulie." Mchoraji mwenyewe hakuwa na habari! Ila mazungumzo ya maana ya siku ile yalianzia kwenye kitasa hicho kisichokuwepo, na aliyeyaanzisha alikuwa mtu ambaye kwa kawaida haongei.

Atakayesema hajui kuchora, mpe mkasi na magazeti ya zamani akate picha. Wewe chora pia, lakini chako kibandikwe mwisho. Cha kiongozi kikitangulia, vyote vitafanana nacho.

Bosi usimweleze habari za ubunifu. Mpelekee mawazo mawili, kila moja na jina la atakayelijaribu na tarehe ya kuleta majibu. Na zile kalamu za rangi zifungie kabatini kwa sasa. Gawa nyeusi, moja kwa kila mtu. Rangi zikiwa nyingi watu huanza kupamba.