Kabla ya kuchora grafu, tafuta upana wa safu

Makala yangu ya kwanza ya utafiti, iliyohusu mvua za vuli na mavuno ya mahindi, ilirudishwa kabla hata haijafika kwa wahakiki. Mhariri alisema grafu hazisomeki. Niliumia, maana kwenye kompyuta yangu zilionekana safi kabisa. Kumbe nilikuwa nimepiga picha ya skrini, nikaibandika kwenye Word, nikaivuta pembeni mpaka ikakua. Picha yenyewe ilikuwa na pikseli 500 tu kwa upana. Ikichapwa kwenye safu ya jarida (ule mkanda wa maandishi unaoshuka ukurasani) ya inchi 3.5, kila inchi inapata pikseli 143 hivi, na jarida lilitaka zisipungue 300.

Siku hizi sianzi kuchora kabla sijafungua maelekezo kwa waandishi na kutafuta upana wa safu. Jarida la Nature, kwa mfano, hutumia milimita 89 kwa safu moja na 183 kwa safu mbili. Namba hiyo ndiyo ninayoiingiza kwanza kwenye programu: kwa matplotlib, zana ya kuchora grafu kwa lugha ya Python, ni figsize, inayopokea inchi, na kwa R, lugha ya takwimu, ni width ndani ya ggsave, amri ya kuhifadhi grafu. Tafadhali lishike hili hata ukisahau mengine yote. Ukichora grafu ya inchi 10 yenye herufi za pointi 10, halafu ikabanwa iingie inchi 3.5, herufi zinabaki na pointi 3.5. Hapo hata mwenye macho mazima atahangaika. Ukichora kwa kipimo kilekile kitakachochapwa, pointi 7 zitabaki kuwa 7.

Wa matplotlib wajihadhari na bbox_inches='tight' wakati wa kuhifadhi. Hukata kingo nyeupe, lakini pia hubadilisha upana uliokwisha kuupanga. Mimi natumia layout='constrained', inayopanga vitu ndani ya upana uleule.

Grafu ya mistari, nukta na maandishi ihifadhi kama PDF au EPS, kwani hata ikikuzwa haivunjiki. Picha za darubini au za setilaiti ziwe TIFF. JPEG usiitumie kwa grafu, huacha ukungu kuzunguka herufi. Kuna wakati PDF nayo inakuwa mzigo: niliwahi kuchora nukta laki kadhaa, faili likagoma kufunguka kwenye kompyuta ya msimamizi wangu. Dawa ilikuwa rasterized=True, inayozigeuza kuwa pikseli, kwa zile nukta peke yake, mihimili na maandishi vikabaki vekta, yaani michoro isiyovunjika ikikuzwa.

Kuhusu rangi nina msimamo mkali. Achana na jet, ile skeli ya rangi za upinde wa mvua. Hutengeneza mipaka ambayo kwenye data haipo, na nyekundu ikikaa pamoja na kijani kuna wasomaji wasioweza kuzitofautisha. Viridis, ambayo matplotlib imeifanya skeli yake ya rangi ya kawaida tangu toleo la 2.0 la mwaka 2017, hupanda kutoka giza kwenda mwanga kwa mpangilio. Kwa grafu za mistari naongeza alama tofauti: duara, pembetatu, mistari ya vipande.

Na kwetu makala nyingi husomwa kwenye fotokopi. Kwa hiyo kabla ya kutuma, napeleka grafu steshenari, naichapisha kwa asilimia 100 bila kuipanua ijaze karatasi, kisha naitolea kopi nyeusi na nyeupe. Nampa mwenzangu ambaye hajaiona, namwuliza mstari upi ni wa mwaka upi. Akisita, narudi kuichora upya.