Sauti zimekoma, mbona haamki? Dawa na ushauri nasaha kwa mgonjwa wa skizofrenia

SWALI: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, mwaka jana aliambiwa ana skizofrenia, ugonjwa wa akili. Anatumia haloperidoli, na zile sauti alizokuwa akizisikia zimekoma. Ila sasa anashinda kitandani, hazungumzi, kuoga mpaka asukumwe. Mama anasema dawa ndizo zinamharibu. Tumesikia kuna ushauri nasaha. Je, akiuanza tunaweza kuacha dawa? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba, dada. Dawa msiache. Lakini mama hajakosea kulalamika, na ningependa tuanze na lalamiko lake, kwa sababu mara nyingi sisi madaktari hulipita haraka.

Kijana anayeshinda kitandani baada ya sauti kukoma huenda amelazwa na dawa, na ugonjwa wenyewe, au na huzuni. Haloperidoli huzuia dopamini, kemikali ambayo ubongo huihitaji pia ili mwili utembee vizuri. Kwa hiyo mwangalie anapokwenda msalani. Mikono inapunga, au imening'inia tu? Anaburuta kandambili kwa hatua fupi? Uso umekauka hata watu wakicheka? Mto unalowa mate? Kliniki huwa namshika mgonjwa kiwiko na kifundo cha mkono, nakunja na kukunjua taratibu. Mkono ukienda kwa kukatakata, kama mnyororo wa baiskeli unaoruka meno, najua dawa imemkaza. Hilo lina tiba: dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa, au huongezwa vidonge vya kulegeza ukakamavu. Afanye daktari, msijipimie nyumbani.

Kama mwili hauna tatizo hilo, huenda ni ugonjwa wenyewe. Skizofrenia huleta sauti na shuku, lakini pia hupora ari, maneno na hamu ya kukaa na watu. Dawa hunyamazisha sauti vizuri kuliko zinavyorudisha ari. Huzuni nayo ipo: kijana amepata akili timamu ya kuona kilichomkuta, huku wenzake wakiendelea na maisha. Muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo na asiachwe peke yake.

Kwa nini basi dawa zibaki? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012, ukiunganisha tafiti 65, ulionyesha kuwa ndani ya takriban mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia watu 27 kati ya 100 walioendelea na dawa, na 64 kati ya 100 waliobadilishiwa wakapewa vidonge visivyo na dawa. Tena mara nyingi haurudi siku ya pili. Hupita wiki, hata miezi, mgonjwa yuko vizuri tu, na familia inaamini dawa hazikuwa na kazi. Hapo ndipo wengi hunaswa. Anayesahau vidonge anaweza kuchomwa sindano ya flufenazini, dawa ya aina hiyohiyo inayokaa mwilini muda mrefu, kila baada ya wiki 2 hadi 4.

Ushauri nasaha sasa. Ni vigumu kwa mgonjwa aliyezungukwa na sauti kumsikiliza mshauri, kwa hiyo dawa humtengenezea utulivu wa kusikia. Lakini kazi kubwa haifanyiki ofisini kwa mshauri, inafanyika kwenu Mbagala. Miaka ya 1950 mtafiti George Brown aliwafuatilia wagonjwa walioruhusiwa kutoka hospitali London, na utafiti ulioendelea kutokana na kazi yake ulionyesha kuwa wanaorudi kwenye nyumba ya lawama na kufuatwafuatwa huugua tena zaidi. Nawasihi mlichukue hili kwa uzito sawa na kidonge. Badala ya “amka, mvivu wewe”, mwambie: “Twende gengeni ukanichagulie nyanya.” Jambo hilo moja tu, kila siku, wiki nzima. Akichagua mbovu, msimseme. Wiki inayofuata aende na hela mwenyewe. Kidonge cha usiku kifungeni na taarifa ya habari ya saa mbili, ili isiwe ugomvi wa kukumbushana. Na mjue dalili zake za mwanzo: akikosa usingizi siku mbili mfululizo au akaanza kufunika dirisha, msisubiri tarehe ya kliniki.

Mama aendelee na maombi, hayagombani na matibabu. Ninachomwomba ni kimoja: akiambiwa kijana afunge, kidonge kisifungwe pamoja na chakula.

Kutoka Mbagala, mnaweza kwenda kliniki ya afya ya akili ya Hospitali ya Temeke. Nendeni wote watatu, na kabla ya kueleza yenu, mwacheni yeye aseme anataka nini kirudi. Kijana mmoja aliniambia anataka kufungua kibanda chake cha kunyolea saa mbili asubuhi, ila dawa ya asubuhi humlaza. Dozi yote tukaihamishia usiku.