Jibu: Chicago hufika nyuzi hasi 33 kila Januari 20?

Dada, umeuliza kama ni kweli Chicago, anakokwenda kusoma mwanao, iliwahi kufika nyuzi hasi 33 tarehe 20 Januari, na kama ajiandae kwa hali hiyo kila mwaka. Ni kweli, ila ilikuwa mwaka 1985 tu. Alfajiri ile kipimo kilisoma hasi 27 za Farenhaiti, karibu hasi 33 za Selsiasi, na hakuna baridi kali zaidi iliyowahi kuandikwa rasmi mjini humo. Baridi hiyohiyo ilishuka hadi Washington. Kesho yake Rais Reagan akaapishwa ndani ya jengo la Bunge, sherehe ya nje ikaachwa.

Rekodi ya tarehe fulani huonyesha mwaka mmoja tu, ule uliozidi mingine yote kwa baridi au joto, basi. Mwanao aangalie wastani, ambao hutokana na miaka 30. Usiku wa kawaida wa Januari kule ni kama hasi 7. Bado ni baridi kali kwa sisi wa Mwanza tunaovaa sweta Julai, lakini watu wanaishi nayo.

Aangalie pia kituo kilichopima. Tangu 1980 vipimo rasmi vinatoka uwanja wa ndege wa O'Hare, mbali kidogo na Ziwa Michigan. Maji hupoa polepole, kwa hiyo mara nyingi usiku wa baridi ufukweni kuna nafuu kuliko bara.

Koti zito atafute soko la mitumba la Mlango Mmoja, hapa Mwanza, kabla hajasafiri. Mitumba mingi inatoka nchi za baridi.