Jibu: Wahakiki wanapingana kuhusu albamu yetu ya kwanza

Habari ndugu. Umeuliza umwamini nani: mhakiki mmoja kaisifu albamu yenu ya roki ya saikedelia (roki yenye sauti za kindoto, iliyoanza miaka ya 1960), mwingine kasema mnaiga tu bendi za wakati huo. Angalia kwanza nani kataja wimbo au sehemu mahususi. Akisema gitaa limezama kwenye mwangwi hadi mwimbaji hasikiki, hilo mnaweza kulirekebisha mnapochanganya sauti. "Mnaiga" peke yake haikusaidii. Tame Impala, kundi la saikedelia la Australia, walipotoa albamu yao ya kwanza Innerspeaker mwaka 2010 walifananishwa sana na Beatles, na albamu ikasifiwa vilevile. Mimi huanza na hakiki za alama za katikati, maana huyo mwandishi hulazimika kueleza sababu. Wastani wa alama uache. Albamu yenyewe sijaisikia, weka kiungo niisikilize yote.