Kuku kumi na wawili nyuma ya nyumba

Swali: Bibi, niko Bombo, nataka kufuga kuku 12 wa mayai. Mume wangu asema banda litatumaliza. Ni kweli?

Jibu: Mwanangu, banda unajenga mara moja. Mita 3 za mraba zawatosha. Tumia mabanzi na mabati ya zamani, ila kwenye wavu usibane pesa: nunua wa matundu madogo, nguchiro hana huruma.

Kinachomaliza watu ni chakula. Kuku wa mayai hula kama gramu 120 kwa siku. Kwa 12 ni karibu kilo 43 kwa mwezi, kwa hiyo gunia la kilo 50 halifikishi wiki tano. Nami niliwahi kujifanya mjanja, nikawapa pumba tupu. Mayai yakakatika, pumba bado ziko guniani! Siku hizi nachanganya na mukene, yaani dagaa wakavu, lakini nautia mkono kwanza: ulioanikwa chini huja na mchanga, na mchanga nao hupimwa kwenye mizani.

Chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) changieni na majirani. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako.