Kwa mnaoanza kuchora na kuandika tashtiti ya siasa

Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la maoni la gazeti jijini Nairobi, na kazi za vijana wanaotaka kuwakosoa wakubwa kwa kibonzo au kwa kichekesho zimepita mikononi mwangu kwa wingi. Wengi wana ucheshi wa kutosha. Wanachokosa ni habari. Mbunge amechorwa na tumbo kubwa na kijiko mkononi, basi. Amekula nini? Zabuni ipi, ya wizara gani, na nani aliyeitia saini? Kibonzo cha namna hiyo hakimnyimi mbunge usingizi, kwa sababu hakijasema lolote ambalo mpiga kura wake hakulijua.

Tashtiti humchoma mkubwa pale inapogusa jambo ambalo mwandishi wa habari ameshalithibitisha. Angalieni yaliyotokea Tanzania Oktoba 2024. Gazeti la The Citizen liliweka mtandaoni katuni fupi ya video: mwanamke aliyefanana na Rais Samia Suluhu Hassan anabadilisha chaneli za televisheni, na kila anapobadilisha anakutana na watu wanaowalilia jamaa zao waliopotea au kuuawa. Mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikasimamisha leseni za maudhui ya mtandaoni za Mwananchi Communications, kampuni inayomiliki gazeti hilo, kwa siku 30, na katuni ikaondolewa. Nguvu yake ilitoka wapi? Visa vya watu kupotea vilikuwa vimesharipotiwa, familia zilikuwa zimeshazungumza. Mchoraji aliviweka mbele ya mtu aliyeonyeshwa akivikwepa.

Ndiyo maana kudhoofika kwa vyumba vya habari ni msiba wetu pia. Mwandishi aliyekuwa akishinda kwenye kamati za bunge la kaunti akipunguzwa kazini, kinachobaki gazetini ni taarifa ya ofisi ya gavana, imechapishwa kama ilivyoletwa. Hapo mtachora nini? Itabidi mjifunze kuchimba wenyewe. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali ya Kenya zinapatikana bure mtandaoni, kaunti kwa kaunti. Kumbukumbu za Bunge zipo pia. Zinachosha kusoma, nakiri, lakini ukurasa mmoja wa hesabu zisizo na stakabadhi utawapa vibonzo vya mwezi mzima.

Someni matangazo pia, na hapa naomba mnivumilie niseme kwa urefu, maana ni jambo ambalo sikuona likifundishwa chuoni. Serikali ya Kenya ni miongoni mwa watangazaji wakubwa kabisa nchini. Mwaka 2015 ilianza kupitisha matangazo yake kwenye wakala mmoja, na madeni yake kwa vyombo vya habari yamefika mabilioni ya shilingi. Mwaka 2024 matangazo yake ya magazetini yalielekezwa kwa The Star peke yake, na ya redio na televisheni yakapelekwa KBC, shirika la utangazaji la serikali. Chombo kinachodai serikali fedha za mishahara ya wafanyakazi wake hakihitaji kupigiwa simu na waziri. Mhariri anajua. Kibonzo chako hakitapigwa marufuku. Utaambiwa wiki hii nafasi ni finyu. Utaambiwa wakili bado anakisoma. Utaombwa umwondoe rais, umweke "mwanasiasa" asiye na sura. Baada ya miezi michache utaanza kujikata mwenyewe kabla hujaombwa, na hilo ndilo ninalotaka mliogope kuliko barua ya kufukuzwa.

Majina makubwa hayakunusurika. Gado, Mtanzania aliyechorea magazeti ya Nation kuanzia 1992, alichora kibonzo cha Rais Jakaya Kikwete kilichotoka kwenye The East African, gazeti la kampuni hiyohiyo, Januari 2015. Gazeti hilo likazuiwa kusambazwa Tanzania, sababu rasmi ikiwa ni usajili. Mwaka 2016 mkataba wake na Nation haukuongezwa. Mwaka huohuo mhariri wa Nation, Denis Galava, aliondolewa baada ya tahariri kali kwa Rais Uhuru Kenyatta, kampuni ikisema hakufuata utaratibu. Machi 2018 waandishi wanane wa safu wakajiuzulu kwa pamoja, wakilalamikia uhuru wa uhariri katika kampuni hiyohiyo.

Ufaransa nako, penye sheria nzuri na fedha nyingi, Les Guignols de l'info walitania marais kwa vikaragosi kwenye televisheni ya Canal+ tangu 1988. Tajiri Vincent Bolloré alipoishika kampuni mwaka 2015, waandishi wa kipindi waliondolewa, na kufikia 2018 kipindi kilikuwa kimefungwa.

Gado alikuwa amejifunza kutoka kwa vikaragosi haohao. The XYZ Show, kipindi chake cha televisheni cha vikaragosi kilichoanza 2009, alikitoa kupitia Buni Media, kampuni aliyoianzisha na mwenzake, si chini ya gazeti lililomwajiri. Kwa hiyo mlango mmoja ulipofungwa, bado alikuwa na nyumba yake. Nanyi mkipewa mkataba, tafuteni kifungu cha hakimiliki kabla ya kifungu cha mshahara. Hakikisheni michoro halisi inabaki kwenu. Wekeni nakala nje ya kompyuta ya kazini, kila wiki, bila kukosa.

Usalama si jambo la kuahirisha. Mwaka 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa Dar es Salaam baada ya video iliyomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Desemba 2024 mchoraji Kibet Bull, ambaye michoro yake ya kivuli ya Rais Ruto ilikuwa imeenea, alitekwa, kama vijana wengine wa wakati huo, akaachiwa Januari. Kuwa na wakili anayekujua kwa jina kabla hujamhitaji. Mtu mmoja nyumbani ajue ulipo. Ukialikwa mkutano na mtu usiyemfahamu, usiende peke yako.

Mkitaka kuona namna ya kusema bila kujificha, tafuteni safu ya Whispers ya Wahome Mutahi. Alifungwa mwaka 1986 wakati wa msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, kisha miaka mingi akaandika juu ya nchi kwa kusimulia nyumba moja yenye mke aitwaye Thatcher. Msomaji wa Kenya hakuhitaji kufafanuliwa nani anatawala na nani anabwata tu. Lakini msiige sauti yake. Mnaowaandikia leo wana nyumba za namna nyingine.

Na kila mnapojenga kichekesho juu ya uchunguzi wa mwandishi fulani, andikeni jina lake pale pale kwenye mchoro, na jina la chombo chake. Ukurasa wenu ukianza kuingiza fedha, mtafuteni mmoja wa waliopunguzwa kazi mumlipe akae tena kwenye zile kamati za kaunti.